Kuhuisha leseni ya mwaka kwa madaktari wa upasuaji Uganda: someni hapa kabla ya kunipigia

Ikifika Desemba simu yangu haipoi, na swali ni lilelile. Leseni inaisha tarehe 31. Naandika mara moja tu.

1. Hakikisha Baraza (la Madaktari na Madaktari wa Meno, ndilo linalotoa leseni) limekuandika kwenye rejista ya mabingwa. MMed (shahada ya uzamili ya udaktari) ya Makerere au ushirika (FCS) wa COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, haujipeleki wenyewe huko.

2. Ingia kwenye akaunti yako, sahihisha anwani na kituo cha kazi.

3. Pointi za CPD, yaani za masomo endelevu ya kitaaluma. Hapa niliangukia pua. Nilikwenda mafunzo ya siku nne ya upasuaji wa matundu madogo, nikarudi na cheti cha nembo tatu na muhuri wa dhahabu. Kumbe mwandaaji hakuidhinishwa na Baraza. Pointi: sifuri, na leseni haikuhuishwa. Januari nafika kazini, mgonjwa wangu wa ngiri hajala tangu usiku, nakuta jina langu limepigwa mstari ubaoni na la mwenzangu limeandikwa juu yake. Sista hakusema neno, alininyooshea ubao kwa kidevu. Kwa hiyo uliza idhini KABLA ya kulipia. Saini kila siku ya mafunzo, jina kama lilivyo kwenye rejista, pamoja na namba yako ya usajili. Ukisaini asubuhi ya kwanza kisha ukatorokea kliniki yako, usinililie. Na cheti kipakie wiki hiyohiyo.

4. Lipa ada, tunza risiti.

5. Chapa leseni, nakala moja uipeleke kwa utawala.

MASWALI

— Musawo, mimi nina FCS. Leseni ya nini tena?
FCS ni elimu yako. Leseni ndiyo ruhusa ya kushika kisu. Rudi hatua ya 1.

— Hujataja ada. Somo gani hili?
Akaunti yako itakuonyesha. Mimi si karani wa Baraza.

— Shikamoo daktari. Niko mwaka wa pili wa mafunzo, Gulu. Marekani nako ni pointi tu?
Marahaba, binti. Kule leseni hutolewa na jimbo, ubingwa una chombo chake: American Board of Surgery, tangu 1937. Zamani bingwa alirudia mtihani mzito kila miaka 10. Tangu 2018 ni mfupi, kila miaka 2: maswali 40 mtandaoni, vitabu vikiwa wazi, na kupita ni 80%. Nusu ni misingi ya upasuaji, nusu ni eneo unalolifanyia kazi. Masomo endelevu wanadaiwa vilevile. Ukitaka kwenda huko siku moja, omba Baraza cheti cha mwenendo mwema mapema.

— Nikipiga picha cheti kwa simu, watakubali?
Kikisomeka. Pigia dirishani mchana, taa ikikiangaza kwa juu muhuri unapotea.

— Nyongeza: kagua picha kabla ya kutuma. Mimi nilipakia cheti pamoja na kidole gumba cha mwanangu, kimefunika jina.
Hiyo naiongeza hatua ya 3.