Namna ya kuchonga namba ya usajili ndani ya boti ya mbao

Pale bandari ya Kituku, Goma, kwenye Ziwa Kivu, boti husuguana kutwa nzima zikishusha mizigo ya Minova na Idjwi, na rangi ya ubavuni ndiyo inayoumia kwanza. Mwizi naye akiwa na kopo la rangi hubadilisha namba kwa usiku mmoja. Ipake nje, ndiyo, isomeke kwa mbali. Ila namba ya kuthibitisha kwamba boti ni yako ikae ndani, ikiwa imechongwa.

Hatua ya 1: Chagua mahali. Usichonge kwenye mbao za ubavu. Ni nyembamba, na siku zikioza fundi atazing'oa, namba iende jikoni kuwa kuni. Tafuta boriti nene inayokaza boti kutoka ubavu hadi ubavu, isiyofunikwa na mizigo wala kulowa maji yanayotuama chini. Sheria ya Marekani kwa boti zenye usajili wa kitaifa inadai hivyohivyo: namba ikae ndani, kwenye sehemu ya muundo inayoonekana wazi, tarakimu zisipungue inchi 3 (sentimita 7.6), na mtu akijaribu kuibadilisha au kuiondoa, ionekane wazi. Mimi nafuata kipimo hicho. Husomeka vizuri hata kwa tochi ya simu.

Hatua ya 2: Vuta boti nchi kavu, boriti ikauke, kisha ipige randa.

Hatua ya 3: Mmoja asome karatasi ya usajili kwa sauti, herufi moja moja, mwingine achore kwenye kartoni. Badilishaneni, msome tena. Kata kartoni, iweke juu ya boriti, fuatisha kwa penseli.

Hatua ya 4: Chonga. Tumia patasi ya milimita 6 yenye makali. Piga kwanza mstari wa katikati wa tarakimu, halafu ilaze patasi ukate kutoka kila upande hadi upate mfereji wa milimita 5 kwenda chini. Anza na mistari inayokatiza nyuzi za mbao. Inayofuata nyuzi ije baadaye, la sivyo mbao itapasuka, hasa mkaratusi. Kwenye 6, 8 na 9 weka nyundo chini. Kile kipande kidogo cha katikati hubanduka kwa pigo moja, kwa hiyo sukuma patasi kwa mkono, ukitoa maganda membamba.

Hatua ya 5: Jaza mifereji rangi nyeusi, ikikauka piga msasa juu. Weusi utabaki shimoni tu. Malizia kwa vanishi.

Boti ya chuma? Toa kwanza esansi (petroli) yote, kisha chomelea tarakimu juu ya fremu ya ndani, halafu paka rangi ya kuzuia kutu. Kibati cha skrubu usikiamini: bisibisi tu inakitoa.

Mwisho piga picha ya namba kwa karibu, na nyingine ya boti nzima namba ikionekana. Mtumie ndugu yako azihifadhi, maana simu nayo huibiwa.