Jinsi ya kuandika mwisho wa hadithi fupi unaomridhisha msomaji

Nimeuandika mwongozo huu baada ya kumsaidia mwandishi chipukizi ambaye hadithi yake ilisomeka vizuri kurasa zote isipokuwa ule wa mwisho. Nachukulia kwamba rasimu yako imekamilika, hata kama mwisho wake bado haujakukaa moyoni.

Hatua ya 1: Liandike swali la hadithi

Tumia karatasi na kalamu. Kwenye kompyuta utajaribiwa kuanza kurekebisha sentensi kabla ya kufikiri. Soma ukurasa wa kwanza peke yake, kisha andika swali ambalo msomaji ameanza kulibeba. Hadithi niliyokuwa nikiihariri ilimhusu dada mmoja, fundi cherehani wa Tanga, ambaye kaka yake ameuza kwa siri kiwanja alichokiacha marehemu mama yao. Mwandishi alidhani swali ni kama kiwanja kitarudi. Ukurasa wa kwanza, hata hivyo, ulimwonyesha fundi akimpima kaka huyo kanzu ya harusi huku akijua alichokifanya na akinyamaza, kwa hiyo msomaji alikuwa akijiuliza kama dada huyu atathubutu kumshitaki ndugu yake wa tumbo moja.

Hatua ya 2: Mwachie mhusika mkuu tendo la mwisho

Itengee hatua hii muda mrefu kuliko nyingine zote. Katika rasimu ya kwanza kaka aligongwa na daladala, naye mnunuzi akaingiwa na huruma na kukirudisha kiwanja. Mambo hayo hutokea duniani, lakini hakuna hata moja lililotoka mikononi mwa fundi, na msomaji aliyemfuata kurasa zote hizo anajiona amenyimwa haki yake. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alikwisha kulisema hili katika Poetics, kitabu chake kuhusu utunzi: utatuzi utoke ndani ya msuko wenyewe, usiletwe na mungu anayeshushwa jukwaani kwa mashine.

Tendo hilo si lazima liwe la ushindi. Fundi angeweza kuamua kusamehe, na hadithi ikatosheleza vilevile, mradi uamuzi umgharimu kitu ambacho tumeona anakithamini. Pia lazima liwe limeandaliwa mapema. Tulichokiandika upya ni hiki: fundi anamaliza kushona kanzu, anaipiga pasi, anaikunja, anatia mfukoni mwa kanzu hiyo barua ya wito ya baraza la kata, kisha anamkabidhi kaka yake bila kudai ujira. Ili mwisho huo usimame tulirudi nyuma na kuonyesha, katikati ya hadithi, kaka akisisitiza kwamba kanzu iwe na mfuko mpana, na fundi akipita mbele ya ofisi ya kata bila kuingia. Nashauri usiongeze zaidi ya vidokezo viwili vya namna hiyo, kwa sababu kidokezo cha tatu humfanya msomaji ajue mwisho kabla ya wakati, na taharuki ikaisha.

Usiichukulie kanuni hii kuwa marufuku ya kila msaada unaotoka nje. Katika Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert iliyochapishwa mwaka 1951, mshtakiwa Karama huachiliwa na mfalme, lakini ni baada ya kujitetea mbele ya baraza siku baada ya siku. Huruma ya mfalme ni zao la maneno ya Karama mwenyewe, ndiyo maana tunaikubali.

Hatua ya 3: Amua utakachokiacha wazi

Acha wazi matokeo, usiache wazi uamuzi. Hatuhitaji kujua baraza litasema nini. Tunahitaji kujua kwamba barua imefika.

Hatua ya 4: Futa aya ya mwisho, kisha isome hadithi kwa sauti

Mara nyingi aya hiyo inaeleza tu kile ambacho tendo limekwisha kukionyesha. Ihifadhi katika faili lingine, usiitupe. Mwandishi Mwingereza Charles Dickens alibadilisha mwisho wa riwaya yake Great Expectations mwaka 1861 kwa ushauri wa mwandishi mwenzake Edward Bulwer-Lytton, na kwa kuwa ule wa awali ulihifadhiwa na kuchapishwa baada ya kifo cha Dickens, wasomaji wanaendelea kubishana kuhusu upi ulio bora.

Msomee mtu asiyeijua hadithi, na usimweleze lolote kabla. Akiuliza baraza liliamua nini, hadithi imefika mwisho. Akiuliza kwa nini dada alifanya vile, rudi kwenye hatua ya 2 na ukague vidokezo vyako.