Kabla ya kupunguza matiti ya kiume kwa laiposaksheni pamoja na kutoa tezi

Kifua cha mwanaume kikijaa, mle ndani kunaweza kuwa na mafuta, tezi (nyama ya titi lenyewe), au vyote viwili, na wengi wana vyote ndo maana madaktari hufanya laiposaksheni (kunyonya mafuta kwa mrija) na kukata tezi kwa mkupuo mmoja. Mafuta ni laini, mrija unayanyonya bila shida, ila tezi ni ngumu imeshikana, mrija mara nyingi unaipita tu. Ukinyonywa mafuta peke yake kifua kinapungua kweli, halafu uvimbe ukiisha unakuta chuchu bado imechomoza kwenye tisheti na inabidi urudi kwenye meza ya upasuaji.

Kwa hiyo jikague kwanza. Lala chali, bana kwa kidole gumba na cha shahada kutoka pembeni ukielekea kwenye chuchu. Ukikuta kisahani kigumu kigumu kama raba chini ya chuchu, hiyo ni tezi, ukikuta ulaini mtupu basi kuna uwezekano mkubwa ni mafuta, japo jibu la uhakika atatoa daktari kwa mkono wake na ultrasaundi. Ila kama una donge gumu upande mmoja tena halijakaa katikati, au ngozi inavutwa kwa ndani, au chuchu inatoa damu, habari za muonekano weka pembeni kwanza, kapime saratani. Wanaume nao wanaugua saratani ya matiti.

Halafu chanzo. Dogo wa balehe asubiri, mara nyingi matiti yanaondoka yenyewe ndani ya miaka 2. Mtu mzima aangalie dawa anazotumia: spironolaktoni (ya presha na moyo), finasteridi (ya tezi dume na nywele), simetidini (ya vidonda vya tumbo), baadhi ya ARV kama efavirenzi, na hizi steroidi za jimu za kujaza misuli ambazo watu huwa hawamwambii daktari. Mwambie bana! Ukikatwa leo huku unaendelea kujichoma sindano za steroidi, matiti yanaweza kurudi na hela imeshaenda. Usishangae ukipimwa homoni, ini, thairoidi na kukaguliwa korodani, kuna uvimbe wa korodani unaoanza kwa kuotesha matiti.

Ukikaa na daktari bingwa muulize atakata wapi (kawaida ni ukingo wa chini wa ile duara nyeusi ya chuchu, kovu linajificha hapo), na swali ambalo mimi nisingeondoka bila kuliuliza: chini ya chuchu utaacha nyama kiasi gani? Akikomba yote chuchu inazama panabaki shimo, akiacha nyingi inabaki imevimba, na kurekebisha shimo ni kazi ngumu kuliko kupunguza kilichobaki. Uliza pia kama tezi inaenda maabara, kama ni nusu kaputi au ganzi, na kama ngozi yako imelegea sana itajirudi yenyewe au nayo itakatwa.

Sigara acha angalau wiki 4 kabla na uendelee hivyo baada, inachelewesha kidonda kupona. Aspirini, aibuprofeni na vidonge vya kitunguu saumu vinaongeza kutoka damu, vitaje vyote, ila kama aspirini uliandikiwa kwa ajili ya moyo usiisitishe kienyeji.

Nyumbani andaa mashati ya vifungo maana kuinua mikono kutasumbua, mtu wa kukurudisha na kulala na wewe usiku wa kwanza, na vesti za kubana 2, moja ikifuliwa nyingine unavaa, utakaa nazo wiki kadhaa. Damu kuvilia hutokea zaidi ndani ya masaa 24 ya mwanzo, kwa hiyo upande mmoja ukivimba ghafla, ukakaza na kuuma kuliko mwenzake, rudi hospitali usiku huohuo. Mazoezi ya kifua hadi wiki 4 au 6 zipite.

Piga picha kabla, mbele na pembeni, kwa sababu uvimbe unachukua miezi kuisha na mwezi wa kwanza chini ya chuchu kutakuwa kugumu hadi uanze kudhani tezi haikutolewa.