Kufundisha Kiingereza kwa historia ya Marekani bila darasa kusinzia

Wengi wakiamua kufundisha Kiingereza kupitia historia ya Marekani wanaanzia 1776 na Azimio la Uhuru, alafu wanashangaa nusu ya darasa imelala. Kile Kiingereza cha zamani hata Wamarekani wenyewe kinawasumbua, sasa mtu ndo kwanza anajifunza vitenzi atakiwezaje? Chukua kisa kimoja kidogo, mtu mmoja, tukio moja, kikamue mpaka kiishe.

Mfano Rosa Parks. Tarehe 1 Desemba 1955, Montgomery, Alabama, mama mweusi fundi cherehani katoka kazini, kapanda basi, dereva anamwambia aachie siti mzungu akae, anakataa, polisi wanamkamata. Hapo tayari una wakati uliopita wote unaoutaka: sat, said, refused, arrested, na vinafuatana kama mambo yalivyotokea, yaani hata aliyesahau neno anajua kinachofuata.

Anza na picha. Ile maarufu, Parks kakaa dirishani na mzungu siti ya nyuma yake, ilipigwa Desemba 1956 baada ya ubaguzi kwenye mabasi ya mji ule kuisha, sio siku aliyokamatwa. Usiwaambie kwanza! Waulize wanaona nani, yuko wapi, anawaza nini, maneno wanayokwama ndo uandike ubaoni. Ukishawapa tarehe ya picha wenyewe watauliza katikati hapo kilitokea nini, na hapo unaleta mgomo wa kususia mabasi wa siku 381, watu weusi wanatembea kwa miguu au wanapeana lifti mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua ubaguzi ule ukome.

Kisha wape aya fupi uliyoandika mwenyewe kwa Kiingereza chepesi, wasome, wafunike, wasimuliane wawili wawili. Usidakie kila kosa jamani, andika yanayojirudia mrekebishe mwishoni. Baadae mmoja awe Parks mwingine mwandishi wa habari, na jiandae kusikia "Why did you refused?" karibu kila kona, maana maswali ndo yanawatoa jasho kuliko kusimulia.

Upande wa utamaduni Thanksgiving, sikukuu ya Wamarekani ya kushukuru, inafaa, Alhamisi ya nne ya Novemba, unapata wakati uliopo wa mazoea kiulaini. Ila usiishie kwenye bata mzinga, tangu 1970 kuna wenyeji asilia wanaokusanyika Plymouth, mji wa Massachusetts, siku hiyohiyo kuomboleza yaliyowapata mababu zao wazungu walipofika, na darasa likijua hilo linakuwa na kitu cha kubishania, lugha ya kutoa maoni inakuja yenyewe.

Picha za bure zipo kibao kwenye tovuti ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Na ile hotuba ya rais Lincoln aliyoitoa Gettysburg, 1863, isikudanganye kwa ufupi wake wa maneno kama 270, inaanza kwa kuhesabu miaka kwa ishirini ishirini, wape waliokwisha komaa kwenye lugha tu.