Kabla hujaagiza RX-8 ukaileta Mtwara

Hela ya korosho ikishaingia, kila mwaka hapakosi mtu Mtwara au Lindi anayeamua kuachana na gari ya kawaida na kuagiza Mazda RX-8. Uamuzi si mbaya. Ni gari nyepesi, imekaa chini, na zile za gia 6 za mkono zinapanda hadi mizunguko 9,000 kwa dakika bila kulalamika. Ila ukiitunza kama IST utaiua, tena mapema. Soma haya kabla hujatuma hela.

Anza na hesabu. RX-8 zilitengenezwa kuanzia 2003 hadi 2012, kwa hiyo yoyote utakayoiona leo imeshavuka miaka 10 na kodi ya uchakavu inaihusu. Pitia kikokotoo cha TRA kwanza, ndipo uzungumze na wakala. Usidanganywe na injini kuandikwa 1.3: kwa petroli inakula kama gari ya lita 2.5 au zaidi. Mjini tegemea kilomita 6 hadi 7 kwa lita. Na weka pembeni hela ya kufungua injini hata kama hutaihitaji mwaka huu. Kama hela yote inaishia kwenye kununua, subiri msimu ujao.

Tafuta fundi kabla ya gari. Injini hii haina pistoni wala valvu. Ina rota mbili za pembetatu, na kila ncha ya rota ina sili nyembamba ya chuma inayokwangua ukuta wa chumba muda wote injini inapozunguka. Sili hizo ndizo zinazoshika kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa na petroli ndani ya injini. Fundi anayeanza kuzungumzia ringi za pistoni na gasketi ya silinda hedi, mshukuru, ondoka.

Kompresheni ndiyo unayonunua, rangi na rimu ni nyongeza. Karatasi ya mnada wa Japani haikuambii lolote kuhusu hilo, na ukaguzi wa kawaida wa gari haugusi. Mwambie muuzaji akupe vipimo vya kifaa maalumu cha injini za rota: lazima viwe namba sita, tatu kwa kila rota. Mazda wanataka karibu kPa 830 (kPa ni kipimo cha mgandamizo) kwenye mizunguko 250 kwa dakika. Chini ya 680 injini imechoka. Tofauti kati ya pande tatu za rota moja isizidi 150, na kati ya rota na rota isizidi 100. Akikuletea namba mbili tu, ametumia geji ya pistoni, na geji hiyo inaonyesha upande ulio bora peke yake.

Kama gari ipo hapa nchini na kifaa hakipo, ipime ikiwa ya moto. Iendeshe dakika 20, izime, kaa dakika 10, kisha piga stata. Nzima inashika ndani ya sekunde mbili tatu. Ikikokota, au mwenyewe akikuomba uache ipoe kwanza, shuku kwamba sili zimekwisha. Muuzaji aliyeiwasha kabla hujafika anajua alichofanya, kwa hiyo mwambie unataka kuiona ikiwaka ya baridi pia. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chukua zilizofanyiwa marekebisho mwaka 2008 kwenda juu: kila rota imeongezewa mdomo wa tatu wa kupulizia oili.

Sasa lipo jambo moja linaloharibu furaha ya gari hii kuliko yote, na wala halihusiani na mwendo. Ni kuiwasha ya baridi, kuisogeza kidogo na kuizima. Linavyotokea ni vilevile kila mara. Gari imelala uani, kuna Noah imezibwa nyuma yake, au kijana anayeosha magari anataka kuitoa juani. Anawasha, anarudi nyuma mita tano, anazima. Jioni mwenyewe anapiga stata: injini inazunguka haraka kuliko kawaida, sauti laini isiyo na mikazo, na haiwaki. Anapiga tena na tena, na kila akipiga petroli inaongezeka ndani. Betri inalala. Anaitwa fundi, anasema pampu ya mafuta, inanunuliwa pampu. Kisha sensa. Kisha gari inafungwa kamba na kuvutwa barabara nzima ya Mikindani. Mwisho inauzwa kwa bei ya kutupa kwamba injini imekufa, kumbe ni nzima.

Kinachotokea ni hiki. Injini ya baridi inapewa petroli nyingi. Ikizimwa kabla haijapata joto, petroli ambayo haijaungua inabaki chumbani na kuosha oili ukutani na kwenye sili. Bila ule utando wa oili sili hazizibi, kompresheni inashuka, na plagi zimelowa. Ukifungua plagi ya chini utaona ncha inang'aa kwa unyevu na inanuka petroli tupu.

Dawa yake haina gharama. Chaji betri ijae. Kanyaga pedali ya mafuta hadi chini kabisa kabla ya kupiga stata na uishikilie hapo. Ikikanyagwa hivyo, nozeli zinakata petroli. Piga stata isiyozidi sekunde 10, pumzisha dakika moja, rudia mara tatu nne. Ikigoma, toa tairi la mbele kushoto, plagi zote nne zinaonekana upande huo. Weka alama kwenye kila waya, zifungue, chomoa soketi za koili, kisha piga stata pedali ikiwa chini ili petroli itoke kwenye matundu. Sigara na moto wowote vikae mbali. Tia kijiko cha chai cha oili safi ya injini kwenye tundu la chini la kila rota, rudisha plagi kavu na soketi za koili, kanyaga tena hadi chini, piga, na ikianza kushika achia pedali polepole. Moshi mweupe utatanda uani kwa dakika kadhaa, huo ni oili na petroli vinaungua, uache uishe. Kuivuta kwa kamba ili iwake usikubali: petroli yote inakwenda kwenye masega ya ekzosi, yaani kile kisafisha moshi, na kuwakia huko.

Kinga ni rahisi zaidi. Ukishaiwasha, usiizime hadi mshale wa joto ufike katikati. Ukilazimika, shikilia mizunguko 3,000 kwa sekunde 10 hivi ndipo uzime. Kama ni kuisogeza tu, toa gia, waite watu wawili, isukumeni.

Oili inaungua kwa makusudi, ndiyo inayolainisha zile sili, kwa hiyo kuongeza ni sehemu ya matumizi. Angalia stiki kila unapojaza tenki mara ya pili, injini ikiwa ya moto na gari ikiwa sehemu tambarare. Badilisha kila kilomita 5,000, kama lita 3.5 pamoja na filta. Kwa joto la huku 5W-30 inafaa, na wengi hupanda hadi 10W-40. Nunua iliyofungwa, si ya kupimiwa kutoka kwenye pipa. Wanaojali huongeza pia oili ya tuu-stroki kwenye petroli, mililita 4 hadi 5 kwa kila lita. Kwenye maduka ya mashine za boti ipo, ila soma kopo: iwe imeandikwa JASO FC au FD, alama za daraja la ubora wa oili hiyo.

Koili zinachoka kimyakimya. Moja ikidhoofu gari inamisi, petroli inaungulia kwenye masega, masega yanaziba, joto linarudi kwenye injini na kuua sili. Zibadilishe zote nne kila kilomita 50,000 hivi. Plagi za chini ni RE7C-L na za juu ni RE9B-T. Usizichanganye, na agiza seti ya akiba, kwani maduka mengi ya spea huku yanaishi kwa Toyota. Upepo wa chumvi wa Shangani unakula soketi na waya za arthi, na kutu huanza juu ya matairi ya nyuma. Osha chini ya gari kwa maji baridi mara kwa mara.

Joto ndilo lisilosamehe. Mshale kwenye dashibodi hukaa katikati hata maji yakiwa yameshapanda sana, na ukianza kusogea umechelewa. Nunua kisomaji cha OBD, kile kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi ya gari, na usome nyuzi zenyewe: ikivuka 105 zima AC, ikikaribia 110 simama. Tumia kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, si ya bomba. Kagua chupa ya kulanti kama ina nyufa, na feni zote mbili kama zinazunguka. Ikishachemsha sana hata mara moja, sili za maji huachia na injini inafunguliwa.

Safari ya kuitoa Dar ni kama kilomita 560 na tenki ni lita 60 hivi, kwa hiyo jaza tena Kibiti au Nangurukuru, na angalia oili hapohapo. Ikishapata joto ipandishe juu mara moja moja, kaboni itoke. Kuiendesha kizee kila siku kunaijaza uchafu. Pita Somanga mchana, kwani maji ya kimbunga Hidaya, Mei 2024, yaliikata barabara hiyo, na bampa la RX-8 haliko mbali na lami. Punguza kwenye matuta, pita kwa mshazari. Usimwachie mtu ufunguo kabla hujamweleza habari ya kuwasha na kuzima, hata kama ni ndugu. Masika usiingie kwenye maji usiyoyaona chini.