Ukipewa ripoti ya saratani ya vulva (sehemu ya nje ya uke), anza kusoma hapa

Ripoti za patholojia, yaani uchunguzi wa nyama iliyokatwa, hapa Nairobi huja kwa Kiingereza, na kila mama anayeingia kliniki yetu amekwisha kukimbilia mstari wa mwisho. Mimi ni nesi, na ushauri wangu ni kuuacha mstari huo kwanza. Shika peni utafute neno "nodes".

Hizo ni tezi za limfu za kinenani. Katika saratani hii hakuna kinachotabiri mwelekeo kuliko hali ya tezi hizo. Marekani, saratani ikikamatwa kabla ya kutoka kwenye vulva, zaidi ya wanawake 8 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka 5. Ikishafika kwenye tezi za jirani, hubaki nusu hivi. Pigia mstari idadi ya tezi zilizotolewa, ngapi zina saratani, na kama imepasua ganda la tezi. Tezi moja yenye chembe kidogo si sawa na tatu zilizopasuka. Na kama tezi hazikutajwa kabisa, dada, usishangilie: huenda hazikupimwa. Muulize daktari waziwazi. Najua tumelelewa kumwitikia tu daktari, lakini hapa uliza.

Kisha tafuta "depth", yaani kina. Uvimbe usiozidi sentimita 2, uliozama milimita 1 au chini yake, ni nadra sana kufika kwenye tezi, na kinena mara nyingi huachwa bila kuguswa. Ukizidi milimita hiyo, tezi zichunguzwe.

"Margin" ni nafasi iliyobaki kati ya saratani na pale kisu kilipopita. Ikiwa saratani imegusa ukingo, uliza kama utakatwa tena au utapewa mionzi. Kwa miaka mingi madaktari walilenga milimita 8. Siku hizi wenyewe wanabishana, kwa hiyo ukiona 6 usikose usingizi.

Ukikuta kipimo cha p16 ni chanya, saratani yako inahusiana na virusi vya HPV, na kwa kawaida hizo huenda vizuri kuliko zile zinazotokana na ugonjwa wa ngozi wa muda mrefu. Umri mkubwa nao huhesabika, ila huo haubadiliki.

Yanayobadilika hayamo kwenye ripoti. Kama unaishi na HIV, mwambie daktari, na ARV usiruke hata siku moja. Sigara iache. Ukiandikiwa mionzi baada ya upasuaji, fuata nafasi wiki hiyohiyo, iwe Hospitali ya Taifa ya Kenyatta au hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, na mambo ya SHA, bima ya afya ya serikali, yawe yamekamilika kabla hujapanga foleni.

Saratani hii ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka 2 ya kwanza. Ukioga, papasa kinena pande zote mbili. Ukigusa kitu kigumu kama gololi, hata kama hakiumi, njoo kesho yake. Tarehe iliyo kwenye kadi ya kliniki isikuzuie.