Gari linapiga stata lakini haliwaki: pima hivi kabla ya kununua pampu

Gari likigoma kuwaka pale Buzuruga, Mwanza, kabla hujafungua boneti mtu mmoja atasema pampu, wa pili atasema plagi. Wote wanabahatisha, na pesa ya kubahatisha ni yako. Injini ya petroli inataka mafuta, moto wa plagi kwa wakati wake, na kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa na mafuta ndani ya silinda. Tafuta kipi hakipo, halafu ndiyo uende dukani kwa spea. Naongelea Toyota kama IST, Premio, Noah na wenzao. Dizeli ina njia yake.

1. Sikiliza stata

Ikigonga "ta" na kunyamaza, au ikijikokota, shughulika na betri, vichwa vyake na stata. Hata ikizunguka, weka mita kwenye betri wakati mwenzako anapiga. Zikishuka chini ya volti 9.6 hivi, chaji kwanza, maana kompyuta ya gari inaweza kukosa umeme wa kutosha ingawa stata inazunguka. Usipige zaidi ya sekunde 10 mfululizo, ipumzishe. Na ikizunguka kwa wepesi na haraka isivyo kawaida, bila ule mdundo uliouzoea, acha kupiga, nenda hatua ya 5.

2. Dashibodi

Swichi ikiwa ON, taa ya injini lazima iwake. Isipowaka, angalia fyuzi na rilei (swichi ndogo ya umeme) ya EFI, mfumo wa kompyuta unaopuliza mafuta. Taa ya usalama ikiendelea kumetameta, gari halijautambua ufunguo: jaribu ule wa akiba.

3. Mafuta

Hapa ndipo pampu nyingi nzima hutupwa. Fundi anawasha swichi, anategesha sikio nyuma, hasikii kitu, anasema pampu imekufa. Toyota nyingi hazina huo mlio wa kuwasha swichi! Pampu inaanza pale unapopiga stata. Kwa hiyo mmoja apige, mwingine asikilize kwenye mdomo wa tanki au kwenye kiti cha nyuma.

Ikiwa kimya, anza na fyuzi, kisha rilei ya pampu. Ukipata nyingine yenye namba ileile kwenye sanduku la fyuzi, zibadilishane. Bado kimya? Chomoa soketi ya pampu, weka mita, piga stata. Umeme ukifika na ethi (waya unaorudisha umeme kwenye bodi) ni nzuri, sasa una haki ya kununua pampu. Umeme usipofika, pampu haina kosa. Fuata waya kurudi mbele.

Mlio peke yake hauthibitishi presha. Ukiwa na geji, injini ya 1NZ ya IST inataka psi 44 hadi 50 hivi. Na usiamini sana mshale wa tanki. Mimi huwa namwaga lita mbili tatu kabla ya kufungua chochote.

Kama gari limegoma muda mfupi baada ya kujazwa, chota petroli kidogo kwenye chupa inayoonyesha ndani, iache itulie. Maji hukaa chini na utauona mstari. Waliojaza kwa vidumu huko mialoni waulize jambo moja zaidi: ilikuwa ya boti? Injini nyingi za boti hutumia petroli iliyochanganywa na oili, na hiyo ikiingia kwenye gari hutoa moshi na kuchafua plagi.

4. Moto

Fungua plagi moja baada ya kupiga stata mara kadhaa. Kavu kabisa: mafuta hayafiki, rudi hatua ya 3. Imelowa na inanuka petroli: mafuta yapo, huenda yamezidi. Kausha plagi zote, zirudishe, kanyaga mafuta mpaka chini huku unapiga. Magari mengi hapo hufunga nozeli zinazopuliza petroli ili silinda zipumue.

Kuona cheche, kwanza chomoa soketi za nozeli zisirushe petroli. Chomeka plagi kwenye koili yake (inayoipa umeme wa cheche), nyuzi zake ziguse chuma cha injini, usiishike kwa mkono. Cheche nzuri ni ya bluu na inasikika. Silinda moja ikikosa moto, gari lingewaka kwa kuchechemea, kwa hiyo usinunue koili nne. Zote zikikosa, tafuta kitu kinachozihudumia zote: fyuzi ya koili au sensa ya krenki, inayoiambia kompyuta injini inavyozunguka. Skana (kifaa cha kusoma makosa ya kompyuta) ikionyesha P0335, yaani kosa la sensa hiyo, pima waya na soketi yake kabla ya kuibadilisha.

Magari ya zamani yenye distribyuta (kigawa moto kwa plagi), hasa yaliyopita kwenye maji ya mvua Mabatini, fungua kifuniko chake ukaushe ndani. Mara nyingi yanaishia hapo.

5. Kompresheni

Mafuta yapo, moto upo, stata ni nyepesi: mnyororo au mkanda wa taimingi, unaofungua valvu kwa wakati wake, unaweza kuwa umeruka au kukatika. Pima silinda zote kwa geji ya kompresheni. Ila kama unashuku mkanda au mnyororo, fungua kwanza uangalie, maana kwenye injini nyingi kila ukizungusha unaweza kupindisha valvu. Wala msilisukume, livutwe mpaka gereji.